Mhariri, mimi sikulishwa limbwata

Ndugu Mhariri,

Jumanne iliyopita, saa tano asubuhi, nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi uani kwangu, Barabara ya 12 hapa Ngamiani, nakuna nazi. Akapiga hodi kijana mmoja muuza samaki aliyekuwa ameniachia baiskeli yake nimnyooshee rimu. Nikamwambia pita. Sikuinuka, maana kizio cha pili ndiyo kwanza nilikuwa nakianza. Akasimama mlangoni, akanitazama mimi, akaitazama sahani iliyojaa nazi miguuni pangu, akatikisa kichwa. "Fundi," akasema huku anacheka, "hii si bure. Mzee umelishwa limbwata."

Nikamjibu baiskeli yake ipo ukumbini, rimu imenyooka, nimemtilia spoku mbili mpya, atoe pesa yangu aende zake samaki wasije wakamwozea. Akalipa akaondoka, na kicheko chake nikakisikia hadi barabarani.

Neno lile, limbwata, dawa ambayo watu husema mke humlisha mume ili amtawale, likanikaa. Si geni masikioni mwangu. Tangu 2019 nimeambiwa nimelishwa, nimekaliwa, nimetiwa kwenye chupa na kizibo kikatupwa baharini. Lilinikaa kwa sababu siku tatu kabla, Jumamosi usiku, nilikuwa nimelisoma neno hilo hilo kwa sauti yangu mwenyewe, katika hadithi ya mfululizo ya gazeti lako, sura ya 14. Gazeti lako nimelinunua miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nipe nafasi.

Mke wangu haoni, Mhariri. Ilianza kwa kujikwaa kwenye kizingiti alichokuwa amekivuka miaka 40. Tukadhani uzee. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Sasa anabagua mwanga na giza, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni, basi. Matone namtilia mimi, asubuhi na jioni. Vidole vyangu vina grisi ya miaka 45 ambayo sabuni imeshindwa nayo, kwa hiyo kwanza naviosha kwa jivu na ndimu. Kisha analaza kichwa pajani kwangu, navuta kope ya chini kwa kidole gumba, naangusha tone moja, namwambia fumba, nabana pembe ya jicho karibu na pua kama nilivyofundishwa na muuguzi, nahesabu. Yeye ananihesabia makosa. "Umeruka 30," huniambia.

Macho yalipokuwa mazima, gazeti la Jumamosi lilikuwa lake. Mimi nililetewa likiwa na tundu, ukurasa wa hadithi umeshachanwa umewekwa chini ya godoro. Ana hadithi nzima za miaka ya 1990 alizozishona kwa sindano na uzi mweusi, kila moja na jalada la karatasi ya kaki. Mimi nilikuwa mtu wa kurasa za mpira. Sasa hadithi nasoma mimi, yeye yuko kwenye mkeka ameegemea ukuta, taa anasema nizime nusu kwa sababu yeye haitumii na luku inakwenda.

Kusoma kwa sauti si sawa na kusoma kimya. Macho yakiona jambo la aibu huruka mstari, mdomo hauwezi. Na ukimsomea mtu uliyeishi naye tangu 1979, mtu anayejua kila kona ya sauti yako, kila neno unalolitamka linakuwa kama umelisema wewe.

Ndivyo tulivyofika sura ya 11. Wasomaji wenzangu wanaikumbuka. Mkurugenzi, ambaye mwandishi wenu hachoki kutuambia urefu wake na manukato yake, anarudi nyumbani saa nane za usiku. Mkewe anauliza ametoka wapi. Mkurugenzi anamzaba kibao. Halafu mwandishi wenu, si Mkurugenzi, mwandishi mwenyewe, anatwambia kwamba yule mwanamke, shavu likimuwaka, alijua sasa kuwa mumewe bado anampenda.

"Rudia hapo," mke wangu akasema.

Nikarudia.

"Imeandikwa hivyo, au wewe umeongeza?"

"Imeandikwa."

Akanyamaza kitambo. Nje mtu akapita na baiskeli isiyo na mafuta kwenye mnyororo, inalia kwi-kwi-kwi hadi ikatokomea. Ndipo akauliza: "Aliyeandika ameshapigwa kibao huyu, au amesimuliwa?"

Tangu usiku ule tuna mchezo wetu. Mimi nasoma, yeye anahesabu kwa tasbihi maneno yanayotoka kinywani mwa wanawake wa hadithi yenu. Sura ya 12, mke wa Mkurugenzi alisema maneno 6: "Bee", "Chakula tayari mume wangu", na "Nisamehe". Mkurugenzi nilijaribu kumhesabia mimi, nikachoka nilipofika 200, na hapo alikuwa hajashuka kwenye gari.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Tangu sura ya 6 Mkurugenzi ana nyumba ndogo, na nyumba ndogo hiyo, kama ilivyo ada, ni mwanamke wa Tanga. Kama ilivyo ada pia, ana khanga moja na kifukizo cha udi, anazungumza kwa kuvuta maneno, anampelekea bwana maji bafuni na kumwogesha kama mtoto wa arubaini. Hizi habari za mwanamke wa Tanga tumezizoea. Tumeziona kwenye tamthilia, tumezisikia kwenye mizaha ya redioni, na madereva wa mabasi wanatuimbia tangu Segera. Mapenzi yamezaliwa Tanga, wanasema. Wengine hapa kwetu wanajisifu nazo. Mke wangu, mzaliwa wa Pangani, anasema amechoka kuulizwa na wageni wa bara jambo ambalo wasingemuuliza mama yao. Somo, yaani kungwi wake, alikuwa naye, ndiyo, na somo huyo alimfundisha mengi ambayo hayaandikiki gazetini na mengine hata mimi siyajui. Moja aliniambia: mume akinuna usikimbilie kumuuliza ana nini, maliza kwanza unachopika. Hilo sijalikuta kwenye tamthilia hata moja.

Lakini ngoja. Sura ya 14 Mkurugenzi, huko kwenye nyumba ndogo, anainuka baada ya kula, anachukua sahani yake na ya mwanamke, anaziosha. Kisha siku ya pili mwanamke anaumwa tumbo, naye anakaa nyumbani asiende kwenye baa, anamchemshia uji. Nikasoma pale nikafurahi. Nikasema moyoni, alaa, kumbe mwandishi alikuwa anatuzungusha, anataka mtu huyu abadilike. Mstari uliofuata nikausoma kwa sauti ileile ya furaha kabla akili haijafika: limbwata lilikuwa limekolea. Rafiki zake wamegundua. Jumamosi hii wanampeleka kwa mganga akaganguliwe, arudishiwe uanaume wake.

Tazama hesabu hiyo, Mhariri. Mtu huyo huyo mmoja. Alipompiga mkewe saa nane za usiku alikuwa na akili zake timamu, tena anapenda. Alipoosha sahani mbili na kuchemsha uji, amerogwa. Na dawa ikishamtoka tutamjuaje amepona? Bila shaka atapiga tena mtu kibao.

Wanaojua sana kueleza limbwata jinsi linavyotengenezwa, katika umri wangu huu wa miaka 69, sijakutana na mmoja aliyeliona. Lakini kila mtu ameliona kwenye hadithi. Kwenye hadithi ndimo linamopikwa. Na kijana yule muuza samaki hakunitukana. Alitafuta kichwani mwake sababu ya mwanamume kukuna nazi wakati mkewe amekaa mkekani, akakuta sababu moja tu iliyowekwa humo. Angekuwa na mbili angechagua.

Nina mjukuu hapa nyumbani, yuko kidato cha tatu. Ananisaidia kuosha vyombo bila kuambiwa, kijana msikivu. Mwezi uliopita wenzake walikuja kumwita mpirani. Alipowasikia mlangoni alilibeba karai zima, maji na vyombo, akalikimbizia chumbani kwake, maji yakamwagikia kwenye daftari zake. Sikumuuliza kitu, nilimpa kanga kuukuu afutie. Nilimjua anakimbia nini.

Mtasema huyu mzee anataka wanaume wote wa hadithini wawe mawalii. Hapana. Nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini wateja wangu walikuwa na tabia ya kuacha vitabu rehani wakikosa pesa ya pancha, na vingine hawakuvirudia. Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, niliipata kwa tyubu moja ya nyuma. Mwaka juzi nilimsomea mke wangu, tukaimaliza kwa jioni 19. Mle yumo Bwana Maksuudi, mtu mwenye cheo na heshima zake mjini, anayewafungia ndani mke na binti yake. Mkewe anashikwa na uchungu wa kuzaa, anaitwa mkunga Bi Farashuu, na kwa sababu tu mkunga huyo ameingia nyumbani bila idhini yake, Maksuudi anamwacha mke. Mke wangu alisema, "Huyu mwandishi anamjua mtu wa namna hii." Maksuudi ni mbaya kuliko Mkurugenzi wenu mara kumi, na sikuona haya kumsoma. Mwandishi hakumshangilia. Kila alipofunga mlango, tulikuwa ndani pamoja na waliofungiwa, tunasikia wanavyopumua.

Vivyo hivyo Rosa Mistika ya Kezilahabi. Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya kijana wa kiume, na kipigo kile ukikisoma kwa sauti unakosa mate. Kitabu hicho kilitoka 1971, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni. Mwaka huo huo wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, na kifungu chake cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, mila iseme itakavyosema. Kitabu walihangaika kukificha. Sheria haikufichwa na mtu, ila mimi nilioa miaka minane baadaye na hakuna aliyenitajia, si mlezi wangu wala aliyetufungisha ndoa. Niliisikia mara ya kwanza nina wajukuu, ofisi ya kata, walipokuja wasaidizi wa kisheria.

Na laiti ningetajiwa mapema. Hapa mke wangu amenipa ruhusa niandike.

Ilikuwa 1983, mwaka wa foleni. Sabuni, sukari, khanga, vyote kwa foleni. Alitoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya sabuni, akarudi saa mbili usiku. Mimi nilikuwa na njaa, na pale kwenye kibanda changu mchana kutwa wenzangu walikuwa wamenitia maneno: mke gani foleni yake haiishi? Nilikuwa na miaka 27. Sikumuuliza kitu. Nilimzaba kibao mlangoni kabla hajatua kikapu. Mche wa sabuni ukaanguka sakafuni ukakatika vipande vitatu. Hakulia. Alichuchumaa akaviokota, akavipuliza mchanga kimoja kimoja, akavipanga juu ya kabati, akaingia chumbani kufunga nguo zake. Asubuhi alikuwa kwenye basi la Pangani.

Sitasema kitabu ndicho kilichopiga. Mkono ulikuwa wangu. Lakini nimejiuliza mara nyingi mkono ule ulijifunza wapi. Baba yangu alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache, na sikuwahi kumwona amemnyanyulia mama mkono. Nilichokuwa nacho kichwani ni vile vitabu vya wapelelezi tulivyopokezana kibandani hadi vikabaki bila jalada. Mpelelezi anaingia hotelini, anaagiza kinywaji, anatokea mwanamke, na mwanamke huyo ama ni mtego ama ni tuzo, hakuna wa tatu anayeuza vitumbua na kwenda zake. Akikaidi anazabwa, akizabwa analainika, na ukurasa unaofuata yuko kifuani kwa mpelelezi. Kwangu ukurasa uliofuata ulikuwa siku 11 za ugali mbichi niliojipikia mwenyewe.

Siku ya 12 nikaenda Pangani. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alinikaribisha, akaniletea maji ya kunawa, akaniacha nikala. Kisha akauliza jambo moja tu: "Shemeji, sabuni ililetwa au haikuletwa?" Nikasema ililetwa. Akasema basi, akanyamaza, na ule unyamavu wake naukumbuka kuliko matusi yote niliyopata kutukanwa maishani. Wazee wakanitoza doti moja ya khanga. Wanaoujua mwaka ule wanajua maana yake. Niliipata kwa mlanguzi, usiku, kwa pesa ya baiskeli nzima, imefungwa kwenye gazeti, na sikuthubutu kuifungua njiani. Mke wangu aliifungua mbele ya shangazi zake wote. Imeandikwa: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Waliangua kicheko hadi majirani wakaja. Alirudi nami, na khanga ile akaivaa miaka na miaka, hasa siku nikiwa na wageni wa heshima, anapita na sinia ya kahawa taratibu, anageuka ili mgongo usomeke. Sikurudia tena kumpiga. Hakuna aliyenirudishia uanaume kwa mganga.

Kwa hiyo mwandishi wenu anapotuambia mwanamke alipigwa akanyamaza akaridhika, namwambia kwa heshima kwamba hajawahi kusoma khanga.

Juzi kwenye kahawa, mzee mwenzangu mmoja alisema mambo haya ya kumtumikia mke hayamo katika mapokeo yetu, akanitolea Mwana Kupona. Kweli, utenzi ule wa 1858 unataja radhi tano, na ya tano ni ya mume. Nilipomfikishia mke wangu, ambaye beti zake alizishika utotoni kwa shangazi yake, alisema: aliyeyaandika yale alikuwa mama mgonjwa anayeona kifo, anamwachia binti yake namna ya kuishi salama katika nyumba asizozichagua. "Yule alikuwa anamwambia mwanawe," akasema. "Nyinyi mnayasoma kama risiti mnadai deni." Sikurudi kwenye kahawa kumjibu yule mzee. Jibu halikuwa langu.

Na kama ni mapokeo, yangu yako karibu zaidi. Ukitoka hapa kwa baiskeli nzima, kwa barabara ya Pangani, Machui si mbali. Huko ndiko kwao Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani 1909. Mtu huyu alikuwa karani wa forodha, mwenye familia, mwenye dini yake, na alipofiwa na mkewe Amina alikaa chini akamlilia kwa shairi, akalitia katika kitabu cha maisha yake, watu wasome. Akatunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Mashauri mengine katika ule wa binti ni ya zama zake. Nikifika hapo mke wangu hukohoa. Lakini mwanamume mzima anakaa na karatasi kuwapa wanawe maneno ya kuishi nayo, na kumlilia mkewe bila kuficha uso. Tumempa majina ya heshima, tumeita shule kwa jina lake. Sijasikia mtu akisema alilishwa limbwata.

Najua utakachosema, Mhariri. Ni hadithi tu, na hadithi hiyo ndiyo inayouza gazeti. Naona mwenyewe Jumamosi asubuhi vijana wanavyolifungua pale kwa muuzaji, wanaanzia nyuma. Na mimi nina biashara. Vijana wananiletea baiskeli niwatolee breki, wanasema zinapunguza mbio na hazipendezi. Wana pesa mkononi. Siwatolei. Wengine wanakwenda kwa fundi mwingine, sawa, lakini baiskeli isiyo na breki haitoki kibandani kwangu ikashuka na njia ya bandarini, maana njia ile wanapita na watoto.

Sikuombi umfukuze mwandishi. Kalamu anayo, ile sura ya 8, mvua ilipowakuta Segera na basi likakwama, mke wangu aliniambia niisome mara mbili. Mkurugenzi akitaka kupiga na apige, wapo wapigaji, nami nilikuwa mmoja. Ila mwandishi asisimame nyuma yake anampigia makofi. Amwachie yule mke aseme zaidi ya maneno 6, hata akiwa jikoni, hata akiwa peke yake. Na yule dada wa Tanga kama mchuzi wake mtamu, basi uwe mtamu kwa nazi na ndimu. Amruhusu Mkurugenzi aoshe sahani mbili kwa sababu ameziona chafu. Mganga wa Jumamosi hii, kama hajachapwa bado, mwambieni amepata safari.

Barua hii nimemsomea mke wangu. Ameniondolea mistari minne niliyokuwa nimemsifu, amesema gazeti si ukumbi wa harusi. Badala yake amesema niwaulize jambo linalomnyima usingizi. Katika sura ya 9 yule dada wa Tanga alitembelewa na mdogo wake wa kike. Alishuka kwenye basi na kikapu cha machungwa ya Muheza, akakaribishwa, akaambiwa aketi ukumbini asubiri. Tumefika sura ya 14. Watu wamegombana humo ndani, wamepatana, wameugua, wamepona, Mkurugenzi ameingia na kutoka mara 17 kwa hesabu ya tasbihi, na yule mtoto wa watu hajainuka kwenye kiti wala hajasema neno. Mke wangu anauliza: amepewa hata maji? Na machungwa, nani aliyekula?

Fundi Baiskeli,
Ngamiani, Tanga